Nia ya kwenye mkeka: kwa nini yoga huanza na azimio, na kwa nini maazimio mengi hayafiki jioni

Ukienda darasa la yoga, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar, kuna sentensi utakayoisikia mapema kabla hata hujatoka jasho: funga macho, vuta pumzi, weka nia yako ya leo. Kisha kimya. Wengine wanaomba dua. Wengine wanafikiria kitambi. Wengine wanajisemea "amani" kwa kuwa ndilo lililokuja kwanza, halafu mwalimu anasema inua mikono, na hiyo amani haitajwi tena. Darasa likiisha, muulize mtu nia yake ilikuwa ipi. Itabidi afikiri kidogo ndipo akumbuke.

Si kosa lao, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyewaeleza. Nia katika yoga ina historia ndefu, ina mvutano ndani yake yenyewe, na ina namna yake ya kuwekwa. Madarasani imebaki kuwa maneno ya kufungulia kipindi. Ninaona huko ni kuipunja sana, maana kwa imani yangu hii ndiyo sehemu ya yoga inayoweza kugusa maisha ya mtu kuliko mkao wowote, hata ule wa kusimama kwa kichwa.

Tuanze kwa kutenganisha mambo matatu ambayo huchanganywa kila siku. Kuna ombi: "Mungu, mwanangu apone." Kuna lengo: "nipungue kilo 8 kabla ya Desemba." Na kuna nia: "leo, mkao ukiwa mgumu, sitabana pumzi." Ombi unalipeleka kwa aliye na uwezo kukuzidi. Lengo liko mbele, na kulifikia hakukutegemei wewe peke yako; mwili una mambo yake, kazi ina mambo yake, na mfuko pia. Nia inahusu tendo lako wewe, na inaanza kutimia au kuvunjika saa ile ile. Mtu anaweza kuwa na yote matatu kwa wakati mmoja na hakuna ubaya. Ubaya huja anapoweka lengo akaliita nia. Hapo anatoka darasani akiwa amekumbushwa asichonacho, na hana cha kufanya nacho mpaka Desemba.

Walimu wengi huiita nia hii kwa jina lake la Kisanskriti, sankalpa, na kabla ya kuingia kwenye madarasa ya mazoezi ilikuwa sehemu ya ibada. Bado ipo huko. Kabla ya puja, yaani ibada ya Wahindu, mwenye kuitoa hukaa, hunywa matone machache ya maji kutoka kiganjani ili kujitakasa, kisha hushika maji kidogo katika kiganja cha kulia pamoja na punje za mchele zisizovunjika na ua. Kuhani humtajia maneno naye huyafuata. Maneno hayo huanzia mbali mno: kipindi cha ulimwengu tulichomo, zama za Kali, yaani zama za sasa kwa hesabu ya Kihindu, bara la Jambudvipa, jina la kale la sehemu ya dunia yenye India. Yanashuka polepole hadi nchi, mahali, mwaka, mwezi, nusu ya mwezi, siku ya mwandamo. Yanafika kwenye ukoo wa mtu, kisha jina lake. Mwisho kabisa ndipo linakuja lenyewe: mimi fulani nitafanya ibada hii kwa ajili ya jambo hili. Anainamisha kiganja, maji yanamwagika, na kuanzia hapo hawezi kujifanya hakusema.

Yatazame maneno yale kwa makini. Hakuna mahali anaposema anataka kuwa mtu bora. Hajisifu, wala hajiahidi furaha. Anataja wakati, mahali, nafsi yake na tendo. Ibada nzima ya kunuia ni kumshusha mtu kutoka kwenye upana wa ulimwengu hadi kwenye kitendo kimoja atakachokianza pale alipokaa. Tuishike picha hiyo, tutaihitaji baadaye, kwa sababu ndicho kitu hasa ambacho darasa la kisasa limekipoteza. Limechukua hisia ya sankalpa na kuuacha muundo wake.

Maandiko ya kale yanaipa nia nafasi kubwa sana. Upanishadi ya Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi za kale kabisa, yaani maandiko matakatifu ya Kihindu, inaeleza mnyororo huu: jinsi matamanio ya mtu yalivyo ndivyo dhamira yake inavyokuwa, jinsi dhamira ilivyo ndivyo anavyotenda, na jinsi anavyotenda ndivyo anavyogeuka kuwa. Chandogya, ya umri unaokaribiana nayo, inaiweka sankalpa juu ya akili yenyewe: mtu hunuia kwanza, ndipo akili hufuata na ndimi hunena. Wabudha nao wanaihesabu nia njema kuwa hatua ya pili katika njia yao yenye sehemu nane, na wanaitaja kwa sura tatu: kuachilia, kutokuwa na chuki, na kutodhuru. Zote tatu zinahusu namna ya kuendea mambo, na hakuna hata moja inayosema utapata nini.

Mpaka hapo mambo yanaonekana mepesi. Ugumu unaanza ukifungua Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya sita, sura ambayo yenyewe inafundisha kutafakari. Ubeti wa pili unasema waziwazi kwamba hawezi mtu kuwa yogi asipoiacha sankalpa. Ubeti wa nne unarudia. Ubeti wa 24 unaagiza kuyaacha, bila kubakiza, matamanio yote yanayozaliwa na sankalpa. Kwa hiyo mwalimu anakwambia weka sankalpa, na andiko ambalo walimu wengi huliheshimu kuliko jingine lolote linakwambia iache. Nani mkweli?

Nimewahi kusikia swali hili likipitwa haraka, kana kwamba ni tatizo la wafasiri. Kwangu mimi ndilo fundo lenyewe, na mtu asiyelifungua atahangaika na nia zake miaka nenda miaka rudi. Ufunguo uko kwenye sura ya pili ya Gita hiyo hiyo, ubeti wa 47, pale mungu Krishna anapomwambia Arjuna, shujaa aliyekwama katikati ya majeshi mawili, kwamba haki yake iko kwenye tendo, wala haiko kamwe kwenye matunda ya tendo. Kisha anaongeza jambo ambalo watu husahau kulitaja: wala usiegemee kwenye kutotenda. Kuacha matunda hakumruhusu mtu kukaa tu.

Ukisoma sura ya sita kwa mwanga huo, sankalpa inayopaswa kuachwa ni ile hesabu ya moyoni ya tutakachokipata: nikifanya yoga nitapendwa, nitakuwa mwembamba, mume wangu atabadilika, wenzangu kazini wataniheshimu. Nia iliyojaa hesabu hizo humfanya mtu ajipime kila dakika. Anashika mkao huku jicho moja liko kwenye kioo. Sankalpa ya kubaki nayo ni ile ya tendo lenyewe. Patanjali, katika aya ya 12 ya sehemu ya kwanza ya Yoga Sutra, kitabu chake cha kale cha misingi ya yoga, anayaweka mambo hayo mawili bega kwa bega: akili hutulizwa kwa mazoezi ya kudumu na kwa kuachilia. Vyote viwili, kwa pamoja. Unashika tendo kwa mkono mmoja na kuyaachia matunda kwa mwingine. Ni kazi ngumu kuifanya, ingawa kuieleza si ngumu.

Sasa, nia hiyo ya ibada na falsafa iliingiaje kwenye darasa lenye mikeka ya mpira na muziki wa chini? Yoga inayofundishwa leo sehemu nyingi za dunia ilipata sura yake katika karne ya 20 nchini India. T. Krishnamacharya alianza kufundisha katika shule ya yoga ya kasri la Mysore mwaka 1933, na kutoka mikononi mwake walipita B. K. S. Iyengar, Pattabhi Jois na Indra Devi, waliousambaza mtindo wa mikao ulimwenguni. Huko mwili ulitangulia. Azimio la moyoni lilipata makao yake hasa kwenye zoezi jingine, yoga nidra, ambalo Swami Satyananda Saraswati wa Munger, jimbo la Bihar, alilipanga na kulieneza kuanzia miaka ya 1960 na 1970.

Kwa asiyeifahamu, yoga nidra hufanywa mtu akiwa amelala chali, viganja vikitazama juu, bila kusinzia. Mwili ukishatulia, anajisemea azimio lake mara tatu, kwa maneno yale yale. Kisha mwalimu anaanza kutaja viungo na mwanafunzi anapeleka fikra pale panapotajwa: kidole gumba cha mkono wa kulia, kidole cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano, kiganja, mgongo wa mkono, kifundo, na kuendelea mwili mzima, kulia, kushoto, nyuma, mbele. Baadaye pumzi. Baadaye hisia zinazopingana, kama uzito na wepesi, joto na baridi. Baadaye picha. Mwishoni, kabla ya kuamka, azimio linarudiwa tena mara tatu. Satyananda alilifananisha na mbegu: liwe fupi, liwe la kujenga, na lisifukuliwe kila siku kuangaliwa kama limeota. Alishikilia pia kwamba ukishalichagua usilibadilishe.

Ushauri wa ufupi na wa kutobadilisha ovyo ni mzuri. Lakini siwezi kulitaja jina hilo nikaishia hapo. Mwaka 2014 tume ya kifalme ya Australia ilisikiliza ushahidi wa watu waliodhulumiwa kingono walipokuwa watoto katika ashramu, yaani makazi ya mafunzo ya yoga, ya mtandao wa Satyananda huko Mangrove Mountain, miaka ya 1970 na 1980. Nalitaja kwa sababu linahusu mada yetu moja kwa moja. Mahali ambapo watu wanafundishwa kukabidhi utashi wao kwa mkubwa, nia ya mtu inaweza kugeuzwa silaha dhidi yake. Nia yako isichaguliwe na mwalimu. Anaweza kukuuliza maswali, anaweza kukupa kimya cha kutosha, basi. Akianza kukwambia unapaswa kunuia nini kuhusu ndoa yako, pesa zako au utiifu wako kwake, kunja mkeka uende nyumbani.

Tuje kwenye swali la iwapo jambo hili linafanya kazi. Penye nia pana njia, tunawaambia watoto. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani na Chuo Kikuu cha New York, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza hilo, na alichokiona kinatutaka tuiongezee methali maneno mawili matatu. Watu hunuia kwa dhati kabisa kisha hawatendi. Hawadanganyi. Siku inapita tu, nafasi ya kutenda inakuja ikiwa imevaa nguo za kawaida, na hawaitambui.

Mwaka 1997 yeye na Veronika Brandstätter walichapisha jaribio ambalo ni rahisi kulielewa. Waliwaomba wanafunzi waandike ripoti ya jinsi walivyoutumia mkesha wa Krismasi, na waiandike ndani ya siku mbili baada ya mkesha huo, wakati ambapo kila mtu yuko na ndugu na chakula. Nusu yao waliombwa pia wataje ni lini na wapi hasa wataketi kuandika. Wale waliotaja saa na mahali, kama robo tatu yao walitimiza. Wasiotaja, kama theluthi moja. Wote walikuwa wamekubali kazi ile ile.

Jaribio jingine, lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2002, linagusa mazoezi ya mwili moja kwa moja. Kundi moja liliachwa lilivyo, na asilimia 38 wakafanya mazoezi wiki iliyofuata. Kundi la pili lilipewa maelezo ya kutia hamasa kuhusu faida za mazoezi kwa moyo, asilimia 35. Kundi la tatu lilipewa maelezo yale yale, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanya mazoezi. Asilimia 91. Kila nikiziangalia namba hizi nawafikiria walimu wanaotumia dakika kumi kuhamasisha darasa na sekunde kumi kwa nia. Hamasa ilizidisha hamu ikaishia hapo. Kilichowainua watu vitini ni siku, saa na mahali.

Na ndivyo tunavyorudi kwa yule aliyeshika maji kiganjani. Wakati, mahali, mimi, tendo. Makuhani wa India na maabara za Ulaya hawakuwa wakizungumza, lakini wamefika kwenye umbo moja la sentensi. Gollwitzer analiandika kwa mtindo wa "ikiwa, basi": jambo fulani likitokea, nitafanya hivi. Akili ikishafunga hali na tendo namna hiyo, hali yenyewe inapojitokeza inamkumbusha mtu, bila yeye kuwa ameshinda akijisukuma.

Kuna utafiti wa pili unaofaa kuwekwa kando ya huo, hasa kwa sisi tuliozoea kuambiwa tufumbe macho tujione tumeshafanikiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walifuatilia wanawake 25 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito nchini Marekani. Waliokuwa na imani kwamba wataweza walipungua zaidi, kama unavyotarajia. Lakini wale waliojichorea ndoto tamu zaidi, wakijiona wameshakuwa wembamba na marafiki wakiwastaajabia, walipungua kidogo kuliko wenzao, kwa tofauti ya takriban kilo 11 baada ya mwaka mmoja. Kundi lilikuwa dogo, lakini Oettingen aliendelea na swali hilo kwa miaka mingi na watu wa aina nyingi, na picha ikabaki ile ile. Ndoto ikishakuwa tamu mno, mwili unatulia kana kwamba kazi imekwisha. Tiba yake aliyoipendekeza ni kuitazama ndoto, kisha mara moja kukitazama kikwazo kilicho ndani yako mwenyewe, ndipo upange.

Maneno hayo, kikwazo kilicho ndani, ndiyo yanayonifanya niuone mkeka wa yoga kuwa mahali pazuri pa kunuia kuliko daftari. Muulize mtu ofisini kinachomzuia, atakutajia foleni, mshahara, bosi. Ni kweli vipo. Lakini msimamishe katika virabhadrasana ya pili, mkao wa shujaa, goti la mbele limekunjwa, mikono imenyooka pande zote, umwache hapo pumzi nane. Kikwazo cha ndani kitajitokeza chenyewe. Mmoja atakunja uso na kukaza taya. Mwingine atabana pumzi. Wa tatu atachungulia jirani ameshuka wapi. Wa nne atajinyoosha mapema na kurekebisha shati lake. Hizo ndizo tabia zile zile anazokwenda nazo nyumbani na kazini, ila hapa zimekuja polepole, mahali pasipo na hatari, na amezishika zikitokea.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama mmoja anaishi Tabata, anafanya kazi mjini, anarudi kwa daladala amesimama njia nzima, na akifungua tu mlango anawakaripia watoto. Baadaye usiku anajuta. Anakwenda darasa la yoga Jumamosi, mwalimu anasema weka nia, naye anasema moyoni: niwe mama mwenye subira. Ni hamu nzuri ya moyo safi, lakini haimpi cha kufanya. Subira ni neno kubwa. Haijulikani inaanza saa ngapi.

Hatua ya kwanza ni yeye kujiuliza kama hamu hiyo ni yake. Je, ni yeye anayetaka, au ni mama mkwe aliyesema jambo? Nia ya kumridhisha mtu mwingine huchosha upesi. Akiikuta ni yake, kwa kuwa anakumbuka alivyokuwa akijificha chumbani akisikia hatua za baba yake, basi hapo pana nguvu. Asiogope kukaa na kumbukumbu hiyo dakika chache. Walimu wazuri hulipa jambo hili muda, maana nia isiyo na mzizi haivuki wiki.

Hatua ya pili ni kukitafuta kikwazo mwilini. Akiwa kwenye mkao mgumu anagundua kwamba kabla ya kukasirika na kujilaumu, taya linakaza na pumzi inakatika juu ya kifua. Anajua sasa hasira yake inavyoanza. Kumbe hata mlangoni huanza hivyo hivyo. Hakuwahi kuiona kwa sababu ilikwenda kasi.

Hatua ya tatu, nia ya darasani inakuwa: taya likikaza, natoa pumzi ndefu. Hiyo anaweza kuitimiza mara nyingi ndani ya saa moja, na kila anapoitimiza anafanya mazoezi ya subira yenyewe, wala hajaifikiria tu. Pumzi ya kutoka haikuchaguliwa kwa bahati. Moyo hupiga haraka kidogo tunapovuta hewa na hupunguza mwendo tunapoitoa, kwa hiyo kurefusha pumzi ya kutoka ni njia ya karibu kabisa ya kuutuliza mwili bila kuongea nao.

Hatua ya nne inamtoa kwenye mkeka: nikishika kitasa cha mlango jioni, natoa pumzi ndefu mara tatu ndipo niingie. Wakati upo, mahali papo, yeye yupo, tendo lipo. Watoto wanaweza kuwa wamemwaga maji sebuleni. Bado anaweza kutimiza. Anaweza hata kukasirika baada ya hapo, na nia yake bado imetimia, kwa sababu hakunuia kutokasirika. Matunda ameyaachia. Yatakuja kwa wakati wake, na mara nyingi huja kwa kiasi ambacho wengine wanakiona kabla yake.

Wanaoanza huwa na haraka ya kujua itachukua muda gani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia ndogondogo za kila siku, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Muda wa kati hadi tendo kuanza kujifanya lenyewe ulikuwa siku 66, lakini kulikuwa na wa siku 18 na waliokadiriwa kuhitaji siku 254. La kutia moyo zaidi kwangu ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Patanjali alitaja masharti matatu ya mazoezi kushika mizizi: yafanywe kwa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa heshima. Hilo la tatu ndilo ninaloliona likisahaulika. Mtu anayeidharau nia yake kwa kuwa ni ndogo, pumzi tatu tu mlangoni, ataiacha kabla ya mwezi kuandama tena.

Wasomaji wengi huuliza kama kunuia kwenye yoga kunagongana na dini. Mwislamu wa pwani anaijua nia tangu utotoni: matendo huhesabiwa kwa nia, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa mwambao wetu, nia ya saumu ya Ramadhani hutiwa kila usiku kwa ajili ya siku inayofuata. Mkristo naye ana maombi ya asubuhi na nadhiri zake. Mabaraza ya wanazuoni ya Malaysia mwaka 2008 na Indonesia mwaka 2009 yalitoa fatwa za kukataza yoga iliyochanganyika na ibada za Kihindu, na mwenye kushughulishwa na jambo hilo ana haki ya kuliuliza kwa shehe au mchungaji wake. Upande wa nia peke yake, maneno unayojisemea kimya ni yako. Hakuna anayekulazimisha kutamka jina la mungu yeyote wala kutumia Kisanskriti. "Taya likikaza, natoa pumzi ndefu" haina madhehebu. Mwalimu akitaka darasa lote liimbe mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwa, usiyoiridhia, kaa kimya, au tafuta darasa jingine.

Kuna nyakati ambazo nia ya kujisukuma haifai kabisa. Aliyefiwa wiki iliyopita, aliyetoka kujifungua, anayeumwa mgongo, asijiwekee nia ya kuvumilia mkao. Kuvumilia maumivu makali ya kiungo si ushujaa bali ni kujeruhi goti. Kwa watu hawa nia inaweza kuwa kupumzika mwili ukiomba, nayo ni nia kamili. Na mwenye huzuni nzito isiyoondoka, anayeshindwa kulala au kula, anahitaji daktari au mshauri pamoja na mkeka, asiachiwe mkeka peke yake.

Kuhusu kuibadilisha: nisingekaa na nia moja maisha yote kama Satyananda alivyotaka, lakini nisingeibadilisha kila darasa pia. Ibaki hadi tendo liwe linatokea bila kukumbushwa, au hadi ujue kwa hakika kwamba ulikosea kikwazo. Yule mama wa Tabata akigundua kwamba hasira haianzii mlangoni bali kituoni, anaposukumwa akipanda gari, pumzi zake tatu zihamie huko. Nia ni ile ile, mahali pamebadilika.

Na kuhusu kuwatangazia watu. Gollwitzer na wenzake walichapisha mwaka 2009 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wanaposikilizwa na kutambuliwa kwa nia inayohusu wanachotaka kuwa, juhudi zao hupungua kuliko za waliokaa nayo kimya; wanafunzi wa sheria ambao nia yao kuhusu masomo ya sheria ilisomwa na mtafiti waliacha kazi mapema kuliko wenzao. Sifa inakuja kabla ya tendo na moyo unaridhika nayo. Kwa hiyo nisingeiweka kwenye status ya WhatsApp. Ila ningemwambia mtu mmoja, yule ambaye tendo lenyewe linamhusu. Mama anaweza kumwambia mtoto wake mkubwa: ukiniona nimesimama mlangoni kidogo, nipe muda, naingia.